Akiba Iliyooza

Bwana Yesu asifiwe.

Wapendwa, wahenga walisema akiba haiozi, na wengi wetu tumelelewa na neno hilo. Sikuja leo kuwagombeza wazee. Nimekuja na habari ya watu walioweka akiba jioni, wakaamka asubuhi wakaikuta imeoza na kujaa mabuu. Habari hiyo iko katika Kutoka sura ya 16. Ningependa tukae nayo kwa muda, maana tumeisikia tangu Shule ya Jumapili na tumezoea kuipita mbio.

Tukumbuke kwanza watu hao walikuwa kina nani. Sura ya 1 ya kitabu hichohicho inasema Waisraeli walimjengea Farao miji ya kuwekea akiba, Pithomu na Ramesesi. Kazi yao ya utumwa ilikuwa kujenga maghala! Walifyatua matofali, wakainua kuta, na ndani ya kuta hizo ikaingia mali isiyokuwa yao. Mtu aliyekulia kwenye kivuli cha ghala la bwana wake hujifunza jambo moja bila kufundishwa na mtu: mwenye ghala ndiye anayeishi, na asiye nalo maisha yake yako mikononi mwa mwenzake. Sasa watu hao, mwezi mmoja tu tangu watoke Misri, wako jangwani. Hawana shamba wala soko, na wana watoto wadogo. Wananung'unika, nami siwezi kuwacheka. Wanayakumbuka masufuria ya nyama, wameisahau fimbo ya msimamizi. Njaa ina tabia hiyo.

Mungu akawasikia, lakini hakuwajengea ghala. Aliwapa chakula cha asubuhi kilichoshuka kutoka mbinguni, kiitwacho mana. Kila mtu aliambiwa akusanye pishi moja, ale, asibakize kitu hadi kesho. Fikirini jinsi amri hiyo ilivyokuwa nzito kwa mtu aliyezoea kuamini kwamba ghala ndilo uhai. Aende kulala na chombo kitupu, watoto wamelala pembeni yake, na jangwa limemzunguka pande zote. Hana chochote cha kushika isipokuwa neno la Mungu kwamba kesho ataamka akute chakula.

Baadhi yao hawakuweza. Wakabakiza. Biblia haituambii waliificha wapi, lakini mimi naiona imefunikwa vizuri kwenye kona ya hema, na baba wa nyumba analala akijua ipo pale. Simwoni kama mlafi. Ni mtu mwenye hofu. Anajiambia, "Je, kesho isiposhuka?" Usiku ule alilala vizuri kuliko jirani yake aliyetii. Hilo nawaomba mlitafakari: akiba ile ilimpa usingizi kweli. Kulipokucha ndipo harufu ikaanza.

Lakini habari haijaishia hapo. Siku ya sita waliambiwa wakusanye pishi mbili kwa kila mtu, waweke moja kwa ajili ya Sabato. Wakaweka, na asubuhi haikuoza. Kisha Musa akamwambia Haruni atwae kopo, atie ndani yake pishi moja ya mana, aiweke mbele za Bwana ili vizazi vijavyo vione. Hiyo nayo ikahifadhiwa. Mana ilikuwa ileile. Joto la jangwani lilikuwa lilelile, na mahema ni yaleyale. Ile ya kwanza ikaoza kwa usiku mmoja, ya pili ikakaa hadi siku ya pili ikiwa nzima, na ya tatu ikatunzwa kwa ajili ya wajukuu.

Basi kuoza hakukutokana na kuweka. Kungekuwa kunatokana na kuweka, hata ya Sabato ingeoza. Iliyooza ni ile iliyowekwa na mtu aliyesikia ahadi ya Mungu akaona haitoshi, akajiongezea ahadi yake mwenyewe kwenye chombo.

Nalisema hili polepole kwa sababu kuna mahubiri mengi yanayowachanganya watu wa Mungu. Mtu anasimama na kusema kwamba ukiwa na imani hupaswi kuwa na akaunti ya benki, wala bima, wala kufikiria uzee wako. Maandiko hayasemi hivyo. Yusufu alishauri itengwe sehemu ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka saba ya neema, na hakuna mahali Mungu alipomkemea kwa kukosa imani. Akiba ile iliokoa mataifa, pamoja na ndugu zake waliomuuza. Mithali inamtuma mvivu akamtazame chungu anavyokusanya chakula wakati wa mavuno. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani. Kwa hiyo, ndugu yangu, lipa ada ya watoto. Weka akiba. Panga uzee wako. Fanya kazi kwa bidii, na ujira wako ukicheleweshwa, udai. Hayo yote ni utii.

Swali langu liko mahali pengine. Je, unapoweka kichwa juu ya mto usiku, kilichokilaza ni nini?

Nitawaambia habari zangu. Kuna kipindi nilikuwa na kazi ya uhakika, mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi, na nilikuwa nahubiri juu ya kumtumaini Mungu kwa sauti kubwa kabisa. Kisha kazi ile ikaisha, bila kosa langu na bila onyo. Miezi iliyofuata nilijijua. Kabla ya kulala nilikuwa nafungua simu kuangalia salio. Nilijua salio ni lilelile, maana hakuna kilichoingia, lakini niliangalia. Nikiamka usiku wa manane naangalia tena. Asubuhi, kabla sijasema "Baba yetu uliye mbinguni", kidole kilikuwa kimeshaifikia simu. Siku moja mke wangu aliniona, akaniuliza kwa upole, "Baba, unamsalimu nani kwanza?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefanya ibada mara tatu kwa usiku, na sikuwa nimemwabudu Mungu hata mara moja.

Tangu siku ile nimeusoma mstari mmoja wa Mithali kwa namna nyingine. Sura ya 18, mstari wa 10 na wa 11, ni mistari miwili iliyowekwa bega kwa bega. Wa kwanza unasema jina la Bwana ni ngome imara, mwenye haki huikimbilia akawa salama. Wa pili unasema mali ya tajiri ni mji wake wenye nguvu, ni kama ukuta mrefu. Sasa malizieni wenyewe: ukuta huo uko wapi? Uko "katika mawazo yake". Hapo ndipo ulipojengwa, na hapo ndipo unapomlinda. Ni mrefu na mzuri, una minara, na mwenyewe anauona waziwazi. Adui akifika haukuti.

Novemba 1923, nchini Ujerumani, dola moja ya Marekani ilikuwa inabadilishwa kwa marki trilioni 4.2. Walikuwapo watu wenye nidhamu waliokuwa wameweka akiba kwa miaka mingi, marki juu ya marki, kwa ajili ya uzee. Hakuna mwizi aliyevunja mlango wao. Tarakimu zilibaki kwenye daftari la benki vilevile zilivyoandikwa, hata moja haikufutika. Kilichoondoka ni kile walichodhani kiko nyuma ya tarakimu. Sisemi walikuwa watu waovu. Nasema ukuta ulikuwa mahali ambapo Mithali inasema uko. Paulo anatumia neno zuri anapomwagiza Timotheo awaonye matajiri: wasiutumainie "utajiri usio yakini". Hauna yakini. Leo unaweza kuuhesabu, kesho hauwezi kukuambia kama utakuwapo.

Najua hapa kuna ndugu anayejisemea moyoni, "Mchungaji, mahubiri haya ni ya wenye nazo. Mimi sina ukuta wowote, wa mawazoni wala wa matofali." Mpendwa, na wewe nisikilize, tena wewe zaidi. Mtu anaweza kuitumainia fedha ambayo hajawahi kuishika. Anaweza kulala na deni, akaamka na deni, na kati ya kulala na kuamka akaota ile siku atakapopata, kwamba siku hiyo ndipo atakapopumua, ndipo ndoa yake itakapotulia, ndipo atakapoheshimiwa. Huyo anamngoja mwokozi, na mwokozi anayemngoja si Yesu. Fedha inaweza kumtawala mtu kwa kuwapo na inaweza kumtawala kwa kukosekana. Bwana wetu alipoketi mlimani akasema "Msisumbuke", mbele yake walikuwa wamekaa watu wengi waliokuwa hawajui kesho watakula nini. Hakuwaambia hawana mahitaji. Alisema, "Baba yenu wa mbinguni anajua ya kuwa mnahitaji hayo yote." Anajua. Kabla hujafungua kinywa, kabla hujapiga hesabu, anajua.

Lipo jambo ambalo sitaki kulipita, ingawa linaniumiza kulisema ndani ya nyumba ya Mungu. Wako watumishi wanaowaambia watu wapande mbegu ili Mungu awafungulie fedha. Mama anatoa kodi ya nyumba, anaambiwa itarudi mara mia. Isiporudi, anaambiwa imani yake ndiyo iliyopungua. Wapendwa, mafundisho hayo hayatufundishi kumtumaini Mungu. Yanatufundisha kuitumainia fedha na kumtumia Mungu kama njia ya kuifikia. Marko sura ya 12 inasimulia habari ya mjane aliyetoa senti mbili, na sisi huisoma kila tunapotaka kuchangisha. Rudini nyuma mistari michache kabla yake. Yesu anawaonya watu juu ya waandishi ambao "hula nyumba za wajane". Kisha ndipo mjane anaingia na senti zake mbili, ambazo ndizo riziki yake yote. Mungu aliiona imani ya mama yule, na pia anawaona waliokuwa wakiila nyumba yake. Kama kuna mtu hapa aliyeumizwa kwa namna hiyo, naomba usihesabu kwamba Mungu ndiye aliyekunyang'anya.

Sasa tufungue Waebrania 13, mstari wa 5, maana huko ndiko nilikokuwa naelekea tangu mwanzo. "Msiwe na tabia ya kupenda fedha, mwe radhi na vitu mlivyo navyo, kwa kuwa yeye mwenyewe amesema, Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa."

Walioandikiwa maneno haya hawakuwa watu waliokaa kwenye starehe. Sura ya 10 inatuambia kwamba walikuwa wamenyang'anywa mali zao kwa ajili ya imani, na walikubali jambo hilo kwa furaha. Wameshapoteza. Huenda watapoteza tena. Ungetegemea mwandishi awaambie, "Msiogope, Mungu atawarudishia." Hakusema. Aliwapa sababu moja tu ya kutoipenda fedha, na sababu yenyewe ni sauti: "yeye mwenyewe amesema". Katika Kiyunani, sentensi ile fupi imerundikiwa maneno matano ya kukana. Sitakupungukia, hapana, sitakuacha, hapana, kamwe. Ni kama baba anayemshika mtoto mabega kwenye giza na kurudia neno lilelile hadi mtoto aache kutetemeka.

Hapo ndipo penye tofauti yote. Fedha haiwezi kusema. Unaweza kuipenda miaka arobaini, haitakuambia hata mara moja, "Sitakuacha." Na kama ingeweza kusema, ingekuwa inadanganya, kwa sababu mwisho wake ni kuachana: ama yenyewe itaondoka kwako, ama wewe utaondoka kwake. Yule tajiri wa Luka 12 alipanga kujenga ghala kubwa zaidi, akawa anazungumza na nafsi yake. Ee nafsi yangu, pumzika, ule, unywe, ufurahi. Sikilizeni upweke wa mtu yule! Ana mavuno ya kujaza maghala, na hana mtu wa kuzungumza naye isipokuwa yeye mwenyewe. Sauti ya kwanza kutoka nje ni ya Mungu, usiku uleule, ikimwambia roho yake inatakiwa.

Ahadi hii mwandishi wa Waebrania hakuibuni. Mungu aliwahi kumwambia Yoshua maneno kama hayo, "sitakupungukia wala sitakuacha", Musa alipokuwa amekufa na Yordani iko mbele. Mkumbuke pia kwamba mana ilikoma siku za Yoshua. Walipokula mazao ya nchi ya Kanaani, kesho yake mana haikushuka tena. Miaka arobaini ya chakula cha asubuhi ikaisha kwa siku moja. Wangekuwa wameweka tumaini lao kwenye mana, siku hiyo wangelia msiba.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Eliya pale kijito cha Kerithi. Mungu mwenyewe ndiye aliyemtuma huko. Kunguru walimletea chakula asubuhi na jioni, na maji alikunywa kijitoni. Baada ya siku kadhaa, kijito kikakauka. Kijito alichoagizwa na Mungu! Hakuwa amefanya dhambi, wala hakuwa amekosea njia. Wako watu hapa ambao kijito chao kimekauka mwaka huu, na wamekesha wakijiuliza ni kosa gani walilofanya. Labda hamna kosa. Kijito kilikuwa kijito tu. Aliyekuambia ukae pale bado ana neno lingine, na Eliya alilipata: aende Sarepta, kwa mjane mwenye konzi moja ya unga na mafuta kidogo kwenye chupa. Nawaza ingekuwaje kama nyumba ya mama yule ingejazwa magunia ya unga siku ileile. Haikujazwa. Unga haukupunguka, mafuta hayakuisha, lakini kila asubuhi aliinama juu ya pipa lilelile akakuta kiasi cha siku. Wakaishi hivyo hadi mvua iliponyesha.

Alikuwapo mtu aliyeitwa George Müller, mzaliwa wa Prussia mwaka 1805, aliyefanya kazi yake kubwa mjini Bristol, Uingereza, hadi alipofariki mwaka 1898. Alianza na nyumba moja ya yatima mwaka 1836, na kabla hajafa zaidi ya watoto elfu kumi walikuwa wamepita mikononi mwa kazi ile. Alijiwekea nadhiri ya kutomwomba binadamu yeyote fedha na ya kutokopa. Aliomba kwa Mungu peke yake. Habari zake tunapenda kuzisimulia, na tunaacha sehemu moja: mtu yule alikuwa na vitabu vya hesabu vilivyonyooka, na kila mwaka alichapisha taarifa ya kila kilichoingia na kila kilichotoka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Müller, ambaye hakuwahi kuisikia methali yetu, aliiishi. Imani yake haikuogopa daftari. Sisemi kila mmoja aache mshahara kama yeye alivyouacha. Paulo alishona mahema na Mungu alikuwa pamoja naye vilevile. Nalitaja hili kwa sababu wengine wetu tunauita uzembe imani.

Nirudi kwenye mana, maana kuna jambo nililiacha makusudi. Walipoipima kwa pishi, aliyekusanya nyingi hakuzidishiwa, na aliyekusanya kidogo hakupungukiwa. Miaka mingi baadaye, Paulo anawaandikia Wakorintho juu ya mchango kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu, na katika sura ya 8 ya barua ile ya pili anaunukuu mstari huo. Mbona anakwenda hadi jangwani kutafuta mstari wa mchango? Kwa sababu ameona kwamba siku hizi mana inashuka kupitia mikono. Kilichozidi kwako kimezidi ili kitoshee pishi ya mwenzako. Unapokifunika kwenye kona ya hema, huko nje kuna mtu aliyeamka, akaangalia ardhini, hakuona kitu, akadhani Mungu amesahau.

Kanisa la kwanza liliishi hivyo. Matendo sura ya 4 inasema hapakuwa na mtu mmoja miongoni mwao mwenye mahitaji. Wale hawakuwa wamepata mishahara mizuri. Walikuwa na watu. Ninapokumbuka miezi yangu ile bila kazi, nakumbuka bahasha iliyopitishwa chini ya mlango bila jina. Nakumbuka mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa akija kila Alhamisi, anakaa nusu saa, anaomba, anaondoka, hasemi kitu juu ya fedha. Salio halikubadilika sana. Lakini nilianza kulala.

Kwa hiyo nina ombi moja kwenu wiki hii. Wewe uliye na kilichozidi, usingoje tangazo la kanisa. Unamjua mtu, jina lake limekujia nikiwa bado nasema. Mwendee kabla ya jua kuzama. Na wewe uliyepungukiwa, mwambie mtu mmoja tu. Aibu imewafanya watoto wengi wa Mungu wafe njaa katikati ya ndugu zao.

Tusimame. Tutaomba kwa maneno ya Aguri, Mithali sura ya 30, ambaye katika kitabu kizima cha Mithali ndiye aliyeomba juu ya fedha kwa namna ambayo wengi wetu hatujathubutu kuomba. Semeni pamoja nami kama mnaweza kusema kwa kweli.

Ee Bwana, usitupe umaskini wala utajiri. Utulishe chakula kilicho kadiri yetu. Tusije tukashiba, tukakukana, tukasema, Bwana ni nani? Wala tusiwe maskini sana, tukaiba, na kulitaja bure jina la Mungu wetu. Utupe leo riziki yetu. Na usiku huu, Baba, tutakapolala, utusaidie tulale.

Amina.